Parkinson: Sayansi yasonga mbele, tembe ya zamani ingali mbali na wengi

UGONJWA wa Parkinson, ambao humpokonya mtu hatua kwa hatua uwezo wa kuutawala mwili wake, umechunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka 200. Katika miaka ya hivi karibuni matokeo ya uchunguzi huo yamefuatana kwa kasi. Seli zilizokuzwa maabarani zimepandikizwa katika ubongo wa wagonjwa, vifaa vya umeme vinavyojirekebisha vyenyewe vimeidhinishwa, na badiliko la jeni linalowahusu hasa watu wenye asili ya Afrika limetambuliwa.

Hata hivyo, nguzo ya matibabu hadi leo ni dawa iliyoanza kutumiwa na wagonjwa katika miaka ya sitini. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa barani Afrika, hata dawa hiyo ya zamani haijafika. Hapo ndipo penye kitendawili cha ugonjwa huu: maarifa yanazidi kupanuka ilhali wengi wanaougua hawajui hata jina la kinachowasumbua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na Parkinson kote ulimwenguni. Mwaka huo huo, ugonjwa huo ulihusishwa na vifo 329,000, idadi iliyokuwa imeongezeka zaidi ya maradufu tangu mwaka 2000. Sababu mojawapo ni kwamba watu wanaishi miaka mingi zaidi, na Parkinson ni ugonjwa unaowapata hasa waliovuka umri wa miaka 60, ingawa vijana pia hawajasazwa.

Dalili na asili yake

Aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu wa kitabibu mara ya kwanza ni James Parkinson, daktari wa London, katika kijitabu alichochapisha mwaka 1817. Alieleza habari za watu sita, baadhi yao akiwa amewaona barabarani tu. Miongo kadhaa baadaye, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Mwingereza huyo.

Wengi huutambua kwa kutetemeka kwa mkono mtu anapokuwa ametulia. Lakini si kila mgonjwa hutetemeka, wala si kila anayetetemeka ana Parkinson. Dalili kuu ni mwendo kuwa wa polepole: mtu hukawia kufunga vifungo vya shati, hatua zake hufupika, maandishi yake huwa madogo, sauti hufifia na uso hupoteza bashasha. Viungo hukakamaa, na baadaye mtu huanza kuyumba na kuanguka.

Kuna pia dalili ambazo hazionekani kwa macho. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo kwa muda mrefu, kupiga mateke na kupaza sauti usingizini, au kuzama katika huzuni isiyoelezeka. Dalili hizi zinaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mnamo Oktoba 1974, alitambuliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984 na akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyezuru Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995, pia aliugua Parkinson, na dunia nzima ilishuhudia mwili wake ukidhoofika kabla ya kifo chake mwaka 2005.

Kiini cha maradhi haya kimo ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu ndogo yenye seli za rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa kuongoza mwendo wa mwili. Katika Parkinson, seli hizo hufa moja baada ya nyingine. Inakadiriwa kwamba dalili za mwendo zinapojitokeza, nusu au zaidi ya seli hizo huwa zimekwisha kuangamia au kuacha kazi.

Safari ya dawa iitwayo levodopa

Mwaka 1957, mwanasayansi wa Uswidi Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa iliyowalegeza hata wasiweze kusogea. Walipowadunga levodopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wanyama hao waliinuka na kutembea tena. Ugunduzi huo ulichangia kumpa Carlsson Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake jijini Vienna walionyesha kwamba ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson ulikuwa umepungukiwa mno na dopamini. Mwaka uliofuata, yeye na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa, na baadhi ya waliokuwa hawawezi kujiinua kitandani waliketi na kutembea, japo kwa muda mfupi. Mwaka 1967, George Cotzias, aliyefanya kazi katika jimbo la New York, alionyesha kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa kipimo kinachoongezwa polepole, nafuu hudumu.

Baadaye levodopa ilichanganywa na dawa nyingine, kama vile kabidopa, inayoizuia isigeuzwe kuwa dopamini kabla ya kufika ubongoni. Mchanganyiko huo hupunguza kichefuchefu na kuwezesha kipimo kidogo kufanya kazi kubwa. Umo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, zile ambazo kila taifa linatarajiwa kuhakikisha raia wake wanazipata.

Levodopa haiponyi. Huziba pengo la dopamini, lakini haizuii seli kuendelea kufa. Baada ya miaka kadhaa, nafuu ya kila tembe hufupika na mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe dawa inapokuwa kileleni. Jambo hili limewafanya baadhi ya wagonjwa kuiogopa na kuiahirisha. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kwamba matatizo hayo hutokana zaidi na kuendelea kwa ugonjwa wenyewe kuliko muda ambao mtu ametumia dawa, hivyo kumnyima mgonjwa tembe mapema hakumwekei akiba yoyote.

Ili kukabiliana na nafuu ya kupanda na kushuka, watafiti wametengeneza levodopa ya maji inayoingizwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo, usiku na mchana. Idara inayosimamia dawa nchini Marekani iliidhinisha mojawapo ya dawa za aina hiyo mnamo Oktoba 2024.

Nyaya za umeme na mawimbi ya sauti

Mwaka 1987, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, aligundua kwamba umeme wa kasi unaopelekwa ndani ya ubongo kwa waya mwembamba unaweza kutuliza kutetemeka. Katika matibabu hayo, nyaya huingizwa katika sehemu maalumu za ubongo na kuunganishwa na betri inayozikwa chini ya ngozi ya kifua. Marekani iliyaidhinisha kwa ajili ya kutetemeka mwaka 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002.

Kwa miaka mingi kifaa hicho kilitoa umeme wa kiwango kilekile, mgonjwa awe macho au amelala. Mapema mwaka 2025, Marekani iliidhinisha mfumo unaosikiliza mawimbi ya ubongo wa mgonjwa na kuongeza au kupunguza umeme wenyewe kadiri hali inavyobadilika.

Njia nyingine haihitaji kisu. Miale mingi ya mawimbi ya sauti, yale yasiyosikika kwa sikio la binadamu, huelekezwa mahali pamoja ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ndogo inayosababisha kutetemeka, huku madaktari wakifuatilia kwa mashine ya kupiga picha. Njia hiyo ilikubaliwa nchini Marekani kwa kutetemeka kunakotokana na Parkinson mwaka 2018.

Matibabu haya yamewarejeshea wengi uwezo wa kushika kijiko na kalamu. Lakini yanahitaji vifaa ghali, madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na ufuatiliaji wa miaka mingi. Tena, kwa kawaida yanawafaa wale ambao levodopa huwasaidia lakini nafuu yake imeanza kuyumba. Yule ambaye hajawahi kuipata dawa yenyewe hana njia ya kuufikia mlango huo.

Kuutambua kabla ya kutetemeka

Mwaka 1912, Fritz Heinrich Lewy aliona vibonge vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa watu waliofariki kwa ugonjwa huu. Mwaka 1997 ilibainika kwamba vibonge hivyo vimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hiyo imo katika ubongo wa kila mtu, lakini kwa mgonjwa hujikunja vibaya, na moja iliyoharibika huivuta nyingine iharibike.

Tabia hiyo ya kuambukizana uharibifu sasa imegeuzwa kuwa kipimo. Madaktari huchukua maji ya uti wa mgongo na kuyachanganya na protini iliyo nzima. Iwapo yamo maji yenye protini iliyojikunja, ile nzima nayo hujikunja, na mashine hulinasa badiliko hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu 1,123, ulionyesha kwamba kipimo hicho kiliwatambua takribani asilimia 88 ya wagonjwa. Baadhi ya watu waliokuwa na dalili za awali tu, kama vile kupoteza uwezo wa kunusa, nao walikutwa na protini hiyo.

Umuhimu wake ni dhahiri. Dawa ya kuzuia seli zisife, itakapopatikana, itawafaa zaidi wale ambao bado wana seli za kuokolewa.

Seli mpya, matumaini na tahadhari

Mnamo Aprili 2025, makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo ya kupandikiza seli zinazoweza kutengeneza dopamini. Nchini Marekani na Kanada, wagonjwa 12 walipandikizwa seli zilizotokana na seli shina za kiinitete cha binadamu. Nchini Japani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walitumia seli za mtu mzima zilizorejeshwa maabarani katika hali ya uchanga, wakazigeuza kuwa seli za ubongo na kuwapandikiza wagonjwa saba.

Seli hizo ziliendelea kuishi, picha zilionyesha dalili za kutengenezwa kwa dopamini, na hakuna uvimbe wa saratani ulioonekana katika kipindi cha uchunguzi. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya mwendo. Lakini lengo kuu lilikuwa kuthibitisha usalama. Watu 19 ni wachache mno kwa mtu kutangaza kwamba tiba imepatikana.

Tahadhari hiyo ina msingi. Dawa iitwayo exenatide, inayotumiwa kutibu kisukari, ilileta matumaini makubwa baada ya majaribio madogo. Ilipojaribiwa kwa watu 194 nchini Uingereza kwa wiki 96, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba haikupunguza kasi ya Parkinson. Dawa mbili za kingamwili zilizolenga alfa-sinukleini nazo ziliripotiwa mwaka 2022 kwamba hazikutimiza malengo makuu ya majaribio yake.

Jeni iliyofichika kwa kutotazamwa

Kwa miongo kadhaa, utafiti wa chembe za urithi katika Parkinson ulitegemea karibu kabisa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023, watafiti wa Nigeria, Uingereza, Marekani na kwingineko, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walichapisha matokeo ya kuchunguza watu karibu 198,000 wenye asili ya Afrika, 1,488 kati yao wakiwa na Parkinson.

Waligundua badiliko katika jeni iitwayo GBA1. Jeni hiyo hutoa maagizo ya kuunda kimeng'enya kinachosaidia seli kusafisha taka za mafuta. Mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja alikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kupata Parkinson kuliko asiye nalo. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili, uwezekano ulikuwa mara 3.5 hivi.

Badiliko hilo ni nadra mno miongoni mwa Wazungu, na hata namna linavyofanya kazi ni tofauti. Mabadiliko ya GBA1 yaliyojulikana awali huharibu umbo la kimeng'enya chenyewe. Hili la Kiafrika hupunguza kiasi cha kimeng'enya kinachotengenezwa. Maana yake ni kwamba dawa itakayobuniwa kwa kuwatazama wagonjwa wa London au Boston pekee huenda isimfae wa Lagos, na kwamba Afrika si mpokeaji tu wa maarifa. Yapo majibu ambayo hayawezi kupatikana bila ya wagonjwa wake kuhesabiwa.

Funzo la wilaya ya Hai

Ni wangapi wasiohesabiwa? Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba walipatikana watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote ugonjwa wao ni upi.

Hali hiyo haishangazi. Mzee anapopunguza mwendo, jamii husema ni uzee. Anapotetemeka, wengine humshuku kuwa mlevi au kudhani amerogwa. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wao wako mijini.

Hata anayetambuliwa hana hakika ya dawa. Uchunguzi wa WHO uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ni nchi 37 pekee kati ya 110 zilizokuwa na levodopa wakati wote katika vituo vya afya ya msingi. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka huo huo kuhusu maduka ya dawa ulibainisha kwamba maduka mengi hayakuwa na dawa za Parkinson, na zilipopatikana, bei yake iliwalemea wagonjwa wengi. Tembe hizi humezwa kila siku, mara kadhaa kwa siku, kwa maisha yote.

Upupu na ahadi yake

Uhaba huo umewafanya watafiti kuugeukia mmea ambao Waswahili wanaujua kwa sababu nyingine kabisa. Upupu, ambao vinyweleo vya maganda yake huwasha ngozi vibaya, una levodopa ya asili ndani ya mbegu zake. Nchini India, mbegu hizo zimetumiwa katika tiba za jadi tangu kale.

Mwaka 2017, utafiti uliofanywa na madaktari wa Italia na wenzao nchini Bolivia ulionyesha kwamba unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa uliwapa nafuu wagonjwa 18, nafuu iliyolingana na ile ya dawa ya hospitalini kwa kipimo kimoja. Lakini ulipotumiwa kwa wiki kadhaa katika utafiti mwingine, baadhi ya wagonjwa walilazimika kuuacha kwa matatizo ya tumbo au kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika.

Kiasi cha levodopa hutofautiana baina ya mbegu na mbegu, na mgonjwa hawezi kukipima jikoni. Anayemeza unga huo pamoja na tembe za hospitali anaweza kuzidisha kipimo bila kujua. Upupu ni ushahidi kwamba dawa nafuu inawezekana, si ruhusa ya mtu kujitibu.

Yanayowezekana sasa

Mengi yanaweza kufanywa bila kusubiri seli za Kyoto. Parkinson hutambuliwa hasa kwa daktari kumsikiliza mgonjwa na kumchunguza mwendo. Muuguzi au tabibu wa zahanati aliyefunzwa anaweza kuzishuku dalili na kumpeleka mgonjwa anakostahili.

Anaweza pia kuuliza ni dawa gani nyingine mgonjwa anatumia. Dawa kama haloperidol, inayotibu maradhi ya akili, na metoclopramide, inayozuia kutapika, zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson. Mara nyingi daktari akizibadilisha, dalili hizo hupungua au kutoweka. Hakuna mgonjwa anayepaswa kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa anayetumia levodopa, saa ya chakula ina uzito wake. Protini ya nyama, maharagwe au maziwa hushindana na dawa hiyo kuingia mwilini, na kwa hiyo wagonjwa wengi hushauriwa kuimeza nusu saa hivi kabla ya kula. Kuikatiza ghafla ni hatari. Mazoezi ya mara kwa mara, kuanzia kutembea kwa haraka hadi kucheza ngoma, husaidia mwendo na usawa wa mwili.

Mnamo Mei 2022, mataifa wanachama wa WHO yalipitisha mpango wa kukabiliana na kifafa na maradhi mengine ya mfumo wa neva hadi mwaka 2031. Kwa serikali za Afrika Mashariki, kipimo cha kwanza cha utekelezaji wake kitakuwa kitu kidogo kinachoonekana: iwapo mtu wa Hai, Kitui au Kwale anaweza kuambiwa jina la ugonjwa wake katika kituo kilicho karibu naye, na kuondoka hapo na tembe za mwezi mzima.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Maabara za Kyoto, Grenoble na New York zinaichonga fimbo hiyo iwe bora zaidi kila mwaka. Iliyochongwa zaidi ya nusu karne iliyopita ingali na nguvu, ila sharti imfikie mgonjwa mkononi.